Mkate wa Saa Nne na Goti la Douwe

Hiki ninachowasimulia hamtakiamini, na sitawalaumu. Mke wangu, ambaye ameniamini mambo makubwa kuliko haya, alipokisikia alizima redio akaniambia nikalale. Lakini ni kweli tupu: mpwa wangu Douwe alinenepa kwa kuacha kitu ambacho hakuwahi kujua kwamba anakifanya.

Douwe yuko kiwanda cha jibini, kazi ya kusimama kutwa kwenye sakafu ya maji. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Daktari wa upasuaji alilitazama goti, akatazama mizani, akasema goti jipya lipo, ila hampasui mtu wa kilo mia na kumi na nane. Ashuke chini ya mia kwanza, kabla ya baridi kuingia. Asiposhuka, jina linarudi mwisho wa foleni. Na msimamizi wa kiwanda alikwisha kumwambia kwamba mtu asiyeweza kusimama hana mahali pale.

Mwingine angelia, angeapa. Douwe alisema "haya" akavaa koti. Alikuwa hivyo tangu mkewe Tjitske afariki. Habari njema, "haya." Habari mbaya, "haya." Ungemwambia nyumba inaungua angekuuliza kama azime taa kwanza. Alikula kwa sababu saa imefika: mkate na jibini saa nne, mkate tena saa sita, viazi jioni, kisha bakuli la maziwa mazito ya vanila, macho dirishani. Ladha hakuisikia. Njaa nayo hakuisikia. Mkono ulikwenda na kurudi wenyewe.

Binti mmoja mtaalamu wa lishe, Hylkje, ndiye aliyempangia chakula.

"Unafanya mazoezi gani, Bwana Douwe?"

"Sifanyi."

Akampunguzia kiasi. Kilo zikaanza kushuka, tena zikashuka upesi kuliko hesabu ya Hylkje, mpaka zikakaribia mia na nne. Kisha goti likazidi kuuma, na Gosse, mwenzake wa zamu, akawa anampitia kwa gari asubuhi. Mizani ikasimama. Baadaye ikaanza kupanda, nusu kilo, nusu nyingine, na Douwe hajaongeza hata kipande cha mkate.

"Kuna ulichoacha kufanya?" Hylkje akamuuliza.

"Hakuna."

Mimi, mwenye akili za kuzaliwa nazo, nilikuwa na jibu langu. Siku ya kuzaliwa ya mke wangu tumekaa duara sebuleni, kila mtu na kikombe chake cha kahawa na biskuti yake moja, na kopo la biskuti limeshafungwa, kama ilivyo desturi yetu.

"Sema ukweli, mpwa wangu. Unaiba jibini."

"Siibi, Mjomba."

"Basi linakuingia kwa harufu. Ziba pua ukiwa kazini!"

Duara zima likacheka. Douwe aliitafuna biskuti yake kama mtu anayetafuna karatasi. Hakukasirika. Nilimtania mpaka nikachoka mwenyewe, nami si mtu wa kuchoka, kuna watu wamehama mtaa kwa ajili ya ulimi wangu.

Vuli ikaingia. Siku moja alichelewa kwa Hylkje.

"Samahani. Daraja la mfereji lilikuwa limeinuliwa, mashua zinapita. Gosse kazima gari, tukakaa."

"Gosse gani? Wewe unakuja kwa gari?"

"Tangu goti lizidi."

"Na kabla ya hapo?"

"Baiskeli."

"Kazini pia?"

"Sasa ningefikaje?"

"Kilomita ngapi?"

"Kumi na mbili. Kurudi kumi na mbili."

"Na upepo?"

"Kwenda upepo usoni. Kurudi upepo usoni."

Hylkje akaweka kalamu chini. "Bwana Douwe! Si nilikuuliza mazoezi?"

"Baiskeli si mazoezi, dada. Ni kwenda kazini."

Na hapo nisimcheke, hata mimi ningejibu vilevile. Kwetu mazoezi ni ya watu wa kaptula za kubana. Hylkje mwenyewe alijishika paji la uso: baiskeli yake ilikuwa imefungwa nje ya dirisha, na hata siku moja hakufikiria kuuliza.

"Mwili ulikuwa unachoma chakula njiani," akamwambia. "Sasa umeketi kitini, lakini sahani ni ileile. Hizo kalori zinakwenda wapi? Tunazitoa. Mkate wa saa nne unabaki kipande kimoja badala ya viwili. Maziwa ya vanila, Jumapili tu. Nyama, mayai na maharage usipunguze, wala usijinyime zaidi ya hapo. Ukipoteza misuli, goti jipya litashikwa na nini?"

"Haya," akasema Douwe.

Juma la kwanza, saa tano asubuhi, amesimama kwenye beseni la maziwa, kitu kikamkwaruza tumboni. Alidhani anaumwa. Akamwambia Gosse.

"Mpumbavu wewe, hiyo ni njaa!"

Douwe akasimama akiisikiliza. Haikuwa furaha. Haikuwa huzuni. Ilikuwa njaa tu, lakini ilikuwa yake, na hakuwa ameisikia tangu mazishi. Saa sita alipouma mkate, jibini lilikuwa na chumvi. Alishangaa kidogo, kisha akarudi kazini.

Kilo zikashuka tena, polepole. Baridi ilipokuwa mlangoni akaitwa hospitali, akapanda mizani mbele ya muuguzi: tisini na tisa na nusu. Tarehe ya kupasuliwa ikaandikwa palepale. Basi ndugu zangu, Douwe akapiga ukelele ambao ulisikika mpaka ng'ambo ya mfereji, akaruka kutoka kwenye mizani, juu, juu kabisa, kichwa kikagonga taa ya dari, na wauguzi wote wakaanza kupiga makofi huku daktari akibubujikwa na—

"Mjomba, futa hiyo. Goti bovu bado lilikuwa langu. Ningerukaje?"