Ugali wa Simba

Juzi mjukuu wangu alitaka kumpa mbwa chokoleti. Mama yake akamnyang'anya, maana kwa mbwa ni sumu. Nikamkumbuka Bibi, kule Nambambo.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alikuwa akimenya mihogo michungu, na ile aliyoiloweka mtungini ilinuka uchachu uani kote. Simba, mbwa wetu wa kufukuza nguruwe shambani, akanyatia maganda. Bibi akamrushia ukuni. Nikadhani anaogopa najisi. Mara akayafukia maganda, akamsongea Simba ugali wa muhogo uliokwisha kulowekwa na kukaushwa, akaupuliza upoe.

"Bibi, huyu si najisi?"

"Najisi, ee. Ndiyo afe?"

Nikachanganyikiwa. Sumu ya muhogo mbichi nilikuja kuijua ukubwani. Siku ile niliona tu midomo ya Bibi, ikimpulizia ugali mbwa ambaye yeye mwenyewe alikuwa ametoka kumpiga.