Fedha Mbichi

Ottilie alizeeka akimngoja mumewe Kaspar atoke na madini ya fedha katika shimo lao, milimani Saksonia. Siku hiyo alitoka anacheka, mkononi ana jiwe jeupe lenye wekundu kwa mbali.

"Tumewahi mno, mke wangu! Hii ni fedha mbichi. Moto wa chini ya ardhi bado unaipika."

"Mbichi?" Ottilie aliwaka. "Mvi zangu zote hizi, ndiyo unaniambia mbichi?"

"Wajukuu wataikuta imeiva."

Kaspar akaanza kulifukia shimo. Ottilie alimtazama weee, akasonya, kisha akampokonya koleo.

"Hebu lete! Unafukia kama unazika maiti. Shindilia, baridi isiingie. Hiki ni chungu cha wajukuu zangu."