Umwali Aliyengoja Wenzake Majini

Mdogo wangu Umwali alijifunza kuogelea kwa sababu ya ng'ombe, na mimi ndiye niliyemfundisha. Nasema hili mapema kwa sababu siku hizi kila mtu hapa Kashuga anajisifu kwamba alimfundisha yeye, hata jirani yetu Bienvenu, ambaye maji yakimfika magotini anaanza kumwita Mungu.

Wakati wa kiangazi, nyasi za upande wetu zikikauka, tulikuwa tukiwavusha ng'ombe wa baba kwenye mkono mwembamba wa ziwa huku Mokoto, wakale ng'ambo. Ng'ombe anajua kuogelea bila kufundishwa. Kazi ya mchungaji ni ndama wa mwisho. Unaogelea kando yake, unamtazama kila unapovuta pumzi, na akichoka unamwekea mkono chini ya kidevu. Ukimwacha, anageuka kurudi. Mama yake akimsikia naye anageuka, halafu kundi zima linaanza kuzunguka katikati ya maji mpaka linaishiwa nguvu.

Umwali alimwacha siku moja, akiwa na miaka tisa. Alikuwa ameshajijua kwamba ana mbio, basi akakata maji mpaka ng'ambo, akasimama pale anacheka. Nyuma yake ng'ombe kumi na wanne wakaanza kuzunguka. Baba na mimi tulihangaika karibu saa nzima kuwatoa. Walitoka wazima wote, lakini nilimchapa Umwali fimbo mbele ya watu.

"Hata siku moja usiache mwenye iko nyuma!" nilimwambia.

Mimi nina hasira za karibu, watu wote wananijua. Umwali hakumwacha tena ndama yeyote, na nikaona nimemlea vizuri sana.

Alipokwenda kwa shangazi yetu Goma kusoma sekondari, kocha mmoja anayeitwa Déo alimwona akicheza ziwani na wenzake, akamchukua kwenye timu yake. Akamwingiza mita hamsini mtindo huru, ile mbio ya kwenda tu bila kurudi. Mwaka huu akachaguliwa kwenda Tunis kwenye mashindano ya kimataifa ya wasichana. Kulikuwa na sharti moja. Akiogelea chini ya sekunde thelathini na mbili, angebaki hukohuko katika kituo cha mazoezi, asome na aogelee kwa miaka miwili. Akizidisha, anarudi nyumbani na mambo yanaishia hapo. Umwali alikitaka kile kituo mpaka chakula kikawa hakimshuki.

Wiki moja kabla ya safari, Déo alinipigia simu.

"Dada Kamaliza, unisaidie. Akiogelea yeye peke, anafanya segonde makumi tatu na moya. Akiwa na benzake, anafanya makumi tatu na ine. Juu ya nini?"

Akanitumia video. Niliitazama mara moja tu. Kila Umwali alipogeuza kichwa kuvuta pumzi, alimwangalia msichana wa mstari wa kando, na mikono yake ikapunguza mwendo mpaka wakawa sawa. Alikuwa anachunga. Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia, maana ile fimbo ilikuwa yangu.

Nikampigia.

"Umwali, kwenye pisini ya kuogelea ubaache bote."

"Na mwenye iko nyuma akichoka?"

"Iko na mama yake, iko na kocha yake. Haiko ndama."

"Dada, njo weye ulinichapaka."

"Njo miye," nilikubali kwamba ndiye mimi. "Ile siku kulikuwa ng'ombe. Kule hakuna ng'ombe. Unisamehe, kisha ubaache."

Sikumbuki siku nyingine niliyomwomba msamaha mtu aliyezaliwa baada yangu, na niliona aibu ingawa nilikuwa peke yangu jikoni.

Siku ya mbio, saa nne asubuhi, tulipanda kilimani juu ya malisho, mahali ambapo mtandao unashika: Papa Semana ambaye ndiye baba yetu, mama, Bienvenu na simu yake, na mimi. Wasichana wakatokea kwenye kioo cha simu, pembeni ya bwawa. Umwali alikuwa mstari wa saba, kofia nyeupe kichwani.

"Banamupatia kweli chakula?" mama akauliza. "Ona mashavu."

Wakaruka. Umwali alipovuta pumzi ya kwanza, uso wake ukageukia msichana wa mstari wa sita, na nikaona mkono wake unasita.

"Ubaache!" nilipiga kelele, na ng'ombe waliokuwa bondeni wakainua vichwa.

Pumzi ya pili hakumtazama mtu. Ya tatu vilevile. Alikuwa ameanza kuwapita, hilo nililiona kwa macho yangu mawili, halafu picha ikakwama. Umwali akabaki pale, mkono mmoja hewani, katikati ya bwawa.

Bienvenu aliitikisa simu kama chupa ya dawa. Baba alianza kusali kwa sauti. Mimi nilitamani kumrushia Bienvenu jiwe, ingawa najua mtandao si wake. Tulingoja hivyo kwa dakika kumi na moja, na sijawahi kuogopa hivyo hata siku ng'ombe walipozunguka ziwani.

Kisha Déo akapiga.

"Makumi tatu na moya, nukta makumi munane na sita!" alisema. Alikuwa analia. "Papa Semana, unasikia? Banamubakisha!"

Baba alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Bienvenu akaanza kucheza peke yake. Mama hakujua kama namba ile ni nzuri ama mbaya mpaka aliponiona nimekaa kwenye nyasi, nalia na kucheka kwa pamoja, nasema ameshinda. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa jambo langu mwenyewe. Mama naye akapiga vigelegele, akamkumbatia baba, akamkumbatia hata Bienvenu.

Alipotulia akajifunga kitenge upya.

"Sasa atakuya siku gani?" akaniuliza. "Nianze kumuwekea maziwa."

"Hatakuya, mama. Atabakia kule miaka mbili."

"Si unasema alishinda?"

"Alishinda."

Alitazama upande wa Goma, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe kushinda njo hivyo?"

"Njo hivyo, mama."

Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akacheka kidogo, akanishika mkono. Hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani.