Kilichokuwamo Ndani ya Buti Zangu

Mwezi wangu wa majaribio kazini ulikuwa unakwisha, na buti zangu zinaingiza maji. Nikawaza: maji yataleta harufu, harufu itamfikia Fundi Haji, msimamizi wetu, nami nitarudishwa nyumbani na digrii yangu. Basi nikachukua pedi za dada yangu, zile za siku asizosali, nikabandika moja chini ya kila soksi. Miguu ikawa mikavu, laini, raha mstarehe!

Adhuhuri ilipokaribia, Bi Zuwena, mwenye nyumba tunayoikarabati mtaa wa Mlandege, akatuita ndani tunywe kahawa. Wenzangu wakavua viatu mlangoni. Mimi nikaganda.

"Vua upite, mwanangu."

"Nna kidonda mguuni, Bi Zuwena."

Nilidhani nimejiokoa. Kumbe nimemtia huruma.

"Masikini! Hebu mvueni nimtazame!"

Fundi Haji, ambaye ndiye wa kuamua kama nabaki kazini, akainama mwenyewe akaivuta buti. Mguu ukatoka na pedi yake, mabawa yameukumbatia huku na huku.

Bi Zuwena akaangalia dari. Kisha Fundi Haji akawageukia wenzangu.

"Haya jamani, huyu leo tusimngoje kwenye sala."