Maharage Juu ya Bati la Shangazi

Nifunge macho, niingize kwenye ghala lolote la Karatu, nami nitakuonyesha kwa pua gunia lenye wadudu. Maharage yaliyobunguliwa yana harufu ya vumbi tamu, kama unga uliosahaulika chunguni. Jana tu nilirudisha gunia kwenye lori kabla halijafunguliwa. Watu huniuliza nilisomea wapi. Shule niliiacha darasa la tano! Hili nililisomea Endabash, uani kwa shangazi yangu.

Kwetu kulikuwa juu, karibu na msitu wa Ngorongoro. Asubuhi ukiongea, mvuke unakutoka kama sufuria, na mafuta ya kupikia yanaganda mpaka mama ayasogeze motoni. Shangazi Paulina, dada wa baba, aliolewa kule chini Endabash, kwenye joto. Mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, yeye na mama walilima pamoja shamba letu, wakapiga maharage pamoja, wakagawana rundo nusu kwa nusu. Mbegu ya msimu uliofuata ilikuwa humo humo.

Mvua za kupandia zilipokaribia, shangazi alitokea na punda wake. Hakusalimia. Alifungua gunia, akalimwaga uani. Jamani! Kila punje ilikuwa na kidirisha cha mviringo, na vidudu vya kijivu vinapishana juu yake kama watu mnadani.

"Wifi, njoo uone zawadi yako!"

"Si tuligawana rundo moja, wifi?" mama akajibu.

"Basi fungua lako tulione."

Mama akafungua. Safi kabisa! Yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Shangazi akacheka kile kicheko cha mawifi kisicho na furaha ndani.

"Ahaa! Mazima ukajibakizia, mimi nikafuge wadudu."

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilifunga gunia letu, akampakia punda.

"Chukua. Haya yako nitapika, mbegu nitaomba kwa majirani. Ila usiseme tena nilikudhulumu."

Mimi nikaambiwa niandamane na shangazi, nikamsaidie kupanda.

Mvua ikachelewa. Nyumbani kwa shangazi tulilala bila shuka, na gunia lilikaa jikoni, karibu na mafiga, kwenye joto usiku na mchana. Wiki zikapita. Siku moja shangazi alipokwenda mnadani, niliegemea lile gunia nikasikia: kr, kr, kr. Nikalifungua. Vidirisha! Si vingi, lakini vipo, na vidudu vimeanza kutembea. Yale maharage niliyaona kwa macho yangu yakiwa safi! Shangazi akirudi akakuta hivi, mama yangu ataitwa mchawi, na mbegu haipo tena, si huku si kule.

Uani kulikuwa na mabati yaliyobaki alipoezeka jiko. Siku iliyotangulia nilikanyaga bati moja pekupeku nikaruka kama mbuzi, na juu yake niliona sisimizi wamekauka. Akili yangu, na niseme tu kwamba akili nilikuwa nayo, ikaniambia: kama linaniunguza mimi, kidudu atasimama wapi? Nikaburuta gunia, nikayatandaza maharage batini, jua la mchana likiwa utosini.

Weee! Walitoka mbio! Wengine waliruka, wengine wakazunguka kama walevi, kisha wakalala miguu juu. Nikawa nayageuza kwa kijiti huku nacheza na kupiga kelele peke yangu kama nimeshinda mpira.

"Mtoto wa wifi! Umenikaangia mbegu!"

Shangazi alisimama nyuma yangu na kapu kichwani. Nikamwonyesha maiti za wadudu. Alichota punje chache kiganjani.

"Na zisipoota?"

"Nirudishe kwetu kwa fimbo, shangazi."

Tukafukia konzi moja ya mbegu kwenye kopo, tukamwagilia. Kila asubuhi tulichungulia, na kila asubuhi yeye alinitangulia. Siku udongo ulipopasuka na vishingo vya miche vikajiinua, alinibeba juu juu, mimi mvulana wa miguu mirefu, akazunguka nami uani akipiga vigelegele.

Baada ya mavuno alipanda kwetu tena na punda, na gunia la maharage yaliyopita batini. Safari hii alisalimia.

"Wifi, hata kwenye yale yako wadudu walikuwemo."

"Si nilikuambia ni rundo moja?" mama akasema, akamwekea chai.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwa lile bati tu. Ni baada ya kujenga ghala langu ndipo nililiona lililobaki. Maharage ya mama hayakuwa safi hata siku moja. Wadudu walitoka nayo shambani, wakiwa mayai. Baridi yetu haikuwaua, iliwachelewesha. Joto la jikoni kwa shangazi liliwalea, na moto wa bati ukawamaliza. Mama alimkabidhi wifi yake gunia lenye wadudu, akiamini ni zima, na alikuwa mkweli. Shangazi naye alikuwa mkweli. Bila mvua kuchelewa, maharage yale yangepandwa kabla wadudu hawajatoka, na mawifi hao wangekufa bila kusalimiana.