Kichekesho Kilichomzika Dinny Mulqueen

Saa nne asubuhi, Fiachra Mulqueen anaingia ndani ya kabati la nguo la marehemu baba yake, anavuta mlango na kuwasha kipaza sauti. Makoti saba mazito yananing'inia juu ya kichwa chake. Makoti humeza mwangwi, na studio ya kukodi hapa mjini Limerick, Ireland, hana uwezo nayo.

"Habari za asubuhi," anasema. "Hii ni podikasti ya watu waliowasingizia marehemu wao. Wa kwanza ni mimi."

Fiachra, mwenye miaka 44, alikuwa mchekeshaji wa jukwaani kwa miaka kumi na mmoja. Alianzia kwenye baa, kwa yuro themanini. Kilichompandisha ni kisa kimoja: baba yake, dereva wa lori la maziwa, alivyoanguka kanisani siku ya ubatizo wa binti wa Fiachra.

"Padri kambatiza mtoto, mzee kajibatiza mwenyewe, kichwa kwanza!"

Watu walicheka hadi machozi. Kisa hicho kilimfikisha kwenye televisheni, ambako ameigiza mlevi mara tatu. Anapepesuka vizuri. Alijifunza kwa kumtazama baba yake.

Baba huyo, Dinny, alikwenda kumwona ukumbini mara moja tu. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, akacheka kuliko wote.

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Jeneza liliwekwa wazi sebuleni, chai ikamiminwa, na kama ilivyo desturi huku, majirani wakaanza kusimulia vituko vya marehemu.

"Fiachra, tupe ile ya ubatizo!" akadai jirani yao Mossie. "Dinny mwenyewe angeiomba, basi tu kalala."

Fiachra akasimulia. Sebule nzima ikacheka, isipokuwa mama yake, Nóirín. Alipanda ghorofani, akarudi na beji ndogo, ile ya watu walioapa kanisani kutogusa pombe maisha yao yote. Akaichomeka kwenye koti la marehemu.

"Baba yako hajaonja hata tone," akasema mbele ya watu. "Alikuwa na kifafa."

Dereva mwenye kifafa hunyang'anywa leseni. Anayelewa siku ya sherehe husamehewa. Mume na mke walichagua. Dinny alivua beji, na kila alipoanguka, Nóirín aliwaambia watoto na majirani kwamba amelewa.

Alipostaafu pia hawakusema.

"Tungesemaje?" anauliza Nóirín, akimenya viazi jikoni. "Kaendesha lori miaka ishirini na ugonjwa ule. Angemgonga mtoto wa mtu je? Aibu ilimla."

Na kile kicheko ukumbini?

"Alicheka ili watu waendelee kuamini. Aliporudi alikaa kitandani na koti lake. Nikamwambia, 'Dinny, vua koti.' Akalala nalo."

Tangu msiba, Nóirín huongea na mwanawe habari za chai na mvua tu. Fiachra aliacha jukwaa. Sasa anapanga bidhaa kwenye duka la vyakula siku nne kwa wiki. Mwezi uliopita aliitwa tena kuigiza baba mlevi, kwa yuro elfu kumi na nne. Alikataa.

"Wakala wangu kaniambia, 'Kaka, huna sura nyingine wewe,'" anasema. "Hajakosea."

Podikasti ya kabatini ina wasikilizaji mia mbili. Kichekesho cha ubatizo kimetazamwa mara nusu milioni mtandaoni, kimesambazwa na watu asiowajua, hawezi kukifuta. Kwa wengi mjini, Dinny bado ni mlevi.

Jumapili ijayo alasiri, Fiachra atapanda jukwaa la ukumbi uleule aliochekea Dinny na kusimulia kisa hicho kama kilivyotokea. Hakuna kiingilio. Anasema anataka mtu mmoja tu aje, na hajathubutu kumwomba.

Nóirín anapoambiwa, anamaliza kwanza kiazi alichoshika.

"Nitakwenda. Nitakaa kule nyuma, kiti cha Dinny," anasema. "Ila mwambie asinitazame. Mimi siwezi kucheka kwa kujilazimisha kama baba yake."