Asumini na Mkono wa Mama Begani

Kichwa kinakataa kabisa, jamani. Asumini, rafiki yangu wa dawati moja hapa Newala, tumemzika jana. Malaria.

Mimi si mtu wa kuposti. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu naogopa.

Wengi mnajua alivyopenda kuchora. Likizo hii aliichora familia yake kwenye plaiwudi moja: Bibi yake, mama yake aliyefariki, mjomba wa Masasi, mdogo wake Hamisi na yeye mwenyewe. Hawakuwahi kupiga picha pamoja, kwa hiyo kila mmoja alimtoa kwenye picha yake.

"Kila mtu kaja na jua lake!" alilalamika. Mama alipigwa flashi usoni, mjomba alikuwa kivulini chini ya mkorosho. Akachagua mwanga wa kushoto, akawapa wote.

Bado walionekana kama wamebandikwa. Ndipo akauweka mkono wa mama begani kwa Hamisi. Aisee! Wakawa watu waliosimama pamoja kweli.

Bibi alipouona alirudi nyuma. "Mfu hamshiki aliye hai. Atamvuta."

"Bibi, hiyo ni rangi tu."

"Na wewe umejipanga hapohapo ubavuni pa mama yako!"

Tulicheka sana siku ile.

Msibani mtani wao, kwa desturi ya kuchekesha wafiwa, alipaza sauti: "Kajichora pua kama kiazi, ndiyo maana kakimbia kwa aibu!" Watu walicheka huku wanalia. Bibi aliitazama tu ile picha.

Leo asubuhi Hamisi kaamka na homa. Kapimwa, naye ana malaria, kapewa dawa.

Nilipofika kwao nikamwamkia Bibi, "Shikamoo." Badala ya marahaba, alinipa brashi ya Asumini. "Mjukuu wangu, wewe unajua rangi kidogo. Ufute huo mkono."

Nimesoma Biolojia. Najua ni mbu. Lakini nilichovya brashi, nikaisogeza kwenye ule mkono.

Hamisi alikuwa amelala mkekani, ananitazama. "Dada, ukiufuta, mama atanishika wapi?"

Nikaiweka brashi chini. Tangu hapo Bibi kila mara anamgusa Hamisi paji la uso, kisha ananiangalia mimi.

Asu, sijaufuta. Kama nimekosea, sijui nitaishije na macho ya Bibi.

Lala salama, rafiki yangu. Mama yako sasa anaye wa kukaa naye. Hamisi tuachieni.